Juzuu la Katikati

Takwimu ilikuwa sifuri. Inspekta Mektilda Mayala aliisoma mara mbili kwenye ukurasa wa kumi na moja wa taarifa ya mwaka ya maktaba, kisha akafungua taarifa ya mwaka uliotangulia. Sifuri. Akafungua ya mwaka wa nyuma yake. Sifuri tena.

"Vitabu elfu nne mia moja na themanini," alisema, "na kwa miaka mitatu hakuna mtu aliyegusa hata kimoja?"

"Ndivyo taarifa inavyosema, afande," alijibu Shamimu.

Shamimu alikuwa mkutubi wa Hazina ya Asia Mashariki katika Chuo cha Wala, mjini Tabora. Jina la hazina lilikuwa kubwa kuliko meza yake. Ilikuwa ni vitabu vya Kichina, Kijapani na Kikorea vilivyoachwa na madaktari, wahandisi na walimu wa kujitolea waliopita mkoani tangu miaka ya sitini. Ukumbi wa maktaba ulipojaa, vitabu hivyo vilihamishiwa kwenye ghala la zamani la nta, barabara ya Kwihara, kilomita nne kutoka chuoni. Msomaji akitaka kitabu alijaza fomu kwa Shamimu, Shamimu akapiga simu ghalani, na kitabu kikaletwa kwa pikipiki siku ya Jumanne au Ijumaa.

"Mnahesabu nini hasa mnapohesabu matumizi?"

"Kitabu kufika hapa mezani. Kikifika, ni moja."

"Na kisipofika?"

Shamimu aliinua mabega. "Baraza la chuo linakaa mwezi Juni. Hazina yenye sifuri mara tatu inaondoshwa. Itaenda kiwanda cha karatasi."

Mektilda alitoa barua kwenye jalada lake. Jana yake, Jumatano, mama mmoja mkulima aitwaye Apolinaria alikuwa amesafiri kutoka Usinge kwa basi la alfajiri, akaingia kituoni na barua hiyo mkononi, na hakuondoka mpaka alipopewa RB, namba ya taarifa yake polisi. Kijiji chake kilikuwa na kesi ya ardhi. Mwenye shamba kubwa jirani, Bwana Vedasto, alidai kwamba eneo lote lilikuwa pori tupu kabla ya mwaka tisini. Wanakijiji walisema walikuwapo tangu sabini na nne, mwaka ambao kikosi cha Wachina kiliwachimbia kisima. Taarifa ya kikosi hicho, majuzuu matatu ya utafiti wa maji, ilikuwa katika ghala la chuo, na hapakuwa na nakala nyingine iliyojulikana. Shauri lilipangwa kusikilizwa Jumatatu. Kijiji kiliomba Juzuu la Pili lenye sura ya Usinge. Chuo kilijibu kwa barua ya tarehe kumi Machi:

*Tunasikitika kukufahamisha kuwa Juzuu la Pili halipo ghalani. Juzuu la Kwanza na la Tatu yapo.*

"Nani aliandika hii?"

"Mkutubi mkuu, Bwana Ambrosi. Mwenyewe."

"Barua za hazina hii huwa anaandika yeye?"

"Naandika mimi," alisema Shamimu. "Hii niliiona ikiwa imeshapigwa mhuri."

Mektilda aliandika maneno hayo kama alivyoyasikia, akaomba namba ya kitabu hicho ghalani: 417.

Mvua ilikuwa imeacha utelezi mwekundu barabara nzima ya Kwihara. Getini mwa uwanja wa maghala palikuwa na kibanda, daftari la wageni na mlinzi aliyekuwa anamenya karanga. Mektilda alijiandikisha kama mtu mwingine yeyote, kisha akaingia ghala namba tatu.

Harufu ya nta ilikuwa bado imo ukutani, ingawa nta ya mwisho ilitoka humo miaka mingi iliyopita. Lukumani, mtunza ghala, mtu wa miaka hamsini na ushei aliyevaa koti la kazi la bluu, alimpokea kwa adabu nyingi kupita kiasi.

"Karibu, afande. Hapa ni mimi na mchwa tu. Na mchwa nawapiga dawa."

"Hakuna msomaji anayeingia?"

"Hairuhusiwi."

"Sijauliza kama inaruhusiwa."

"Hakuna, afande."

Alimpeleka kwenye safu ya sita. Vitabu havikupangwa kwa mada wala kwa lugha. Vilipangwa kwa kimo: virefu na virefu, vifupi na vifupi, vimelazwa ndani ya trei za bati, kila trei na namba yake. Kitabu cha mapishi ya Kikorea kililala juu ya kitabu cha mifupa.

"Kwa nini hivi?"

"Nafasi, afande. Ukipanga kwa kimo, vinaingia mara mbili zaidi. Ila usipokuwa na namba ya trei, hata ukikaa humu mwaka mzima hupati unachotaka."

Kwa hiyo mwizi alikuwa na namba. Mektilda aliivuta trei ya 417. Ndani yake mlikuwa na vitabu viwili vyenye jalada la kijivu, kimoja juu ya kingine. Vyote viwili vilikuwa na kibandiko kimoja cha chuo: 417. Hapakuwa na namba ya juzuu. Migongoni palikuwa na mstari wa maandishi ya Kichina, unaofanana neno kwa neno kwenye vitabu vyote viwili, isipokuwa alama moja ya mwisho. Cha juu kilikuwa na alama kama kisanduku kilichochomwa kijiti katikati. Cha chini kilikuwa na kijiti kilichosimama juu ya mstari.

Alivipiga picha kwa simu kabla ya kuvigusa. Akafungua cha juu. Ramani, majedwali, majina ya mahali, vyote kwa herufi zilezile. Angeweza kuwa ameshika ramani ya Usinge au ya mwezini.

"Wewe unasoma Kichina?"

"Mimi? Nasoma Kiswahili na Kurani, afande. Basi."

"Bwana Ambrosi alikuuliza lini kuhusu trei hii?"

"Jumatatu, tarehe tisa. Alipiga saa tatu asubuhi, akaniambia niangalie. Nilipoangalia nikakuta viwili. Nikamwandikia." Lukumani alitoa simu yake, akautafuta ujumbe, akampa asome. *Bosi trei 417 ina vitabu viwili. Kimoja hakipo. Sijui ni kipi maandishi ya kichina.*

Mektilda aliupiga picha ujumbe huo pia, na saa yake. Kisha akarudi getini bila kumwambia Lukumani anakwenda wapi, akalifungua daftari la wageni kuanzia Januari. Hakusoma majina. Alisoma safu ya tatu, ile inayouliza mgeni anakwenda wapi. *Ghala la vitabu. Ghala la vitabu. Ghala la vitabu.* Mwandiko mmoja, ulioinamia kushoto, mara ishirini na sita. Wilbroad, fundi pampu, wa Kitete. Mara ya mwisho ilikuwa Alhamisi tarehe tano.

Aliporudi na daftari mkononi, Lukumani aliketi juu ya kreti bila kuambiwa.

"Ni mzee wa watu," alisema. "Anakaa pale dirishani, anasoma vya Kichina, anarudisha trei mwenyewe. Hajawahi kutoka na hata kipande cha karatasi."

"Mara ishirini na sita kwa miezi miwili. Na taarifa inasema sifuri."

"Fomu haina mahali pake, afande. Fomu inauliza kitabu kimetoka saa ngapi, kimerudi saa ngapi. Chake hakitoki."

"Uliwahi kumwambia mtu?"

"Nilimuuliza bosi mwaka jana. Akasema kisichotoka hakihesabiwi."

"Funguo ziko ngapi?"

"Mbili. Mmoja wangu, mmoja wa bosi."

"Na mlinzi wa getini yupo siku zote?"

"Jumapili hayupo. Jumapili tunafunga geti kwa kufuli, na ufunguo wake tunao sisi wawili tu."

Mtu huyu alikuwa amemdanganya mara moja, na akakamatwa katika nusu saa. Hilo halikumfanya mwizi. Lakini alikuwa amemfungulia mlango mtu pekee mjini ambaye angeweza kujua ni kitabu gani cha kuchukua.

"Huyo mzee anafanya kazi wapi siku hizi?"

Lukumani alisita. "Pampu. Wiki mbili zilizopita alikuwa Usinge." Akashusha sauti. "Kwenye shamba la Vedasto."

Karakana ya Wilbroad ilikuwa mtaa wa pili nyuma ya hospitali, Kitete. Pampu ya dizeli ilikuwa imefumuliwa juu ya turubai, na kwenye tangi lake mtu alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe: *VEDASTO USINGE*.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Alimtazama sare, akafuta mikono kwa tambara. "Mayala, nimeona kifuani. Basi wewe ni wa kwetu, tusalimiane kwa kwetu: mwangaluka."

"Mwangaluka," alijibu Mektilda. Kisha akaelekeza kidole kwenye pampu. "Unamfanyia kazi Vedasto?"

"Namtengenezea pampu."

"Mtu mwenye kesi na kijiji cha Usinge."

"Kesi anayo yeye. Pampu haina kesi."

Alijibu maswali yote akiwa amesimama, bila haraka. Alizaliwa hamsini na nne. Alipokuwa na miaka kumi na tisa kikosi cha maji kilimwajiri kubeba vyuma, kikagundua ana sikio la lugha, kikamfanya mkalimani. Alitembea nacho miaka mitatu, kutoka Tura hadi Usinge, kisha akapelekwa China mwaka mmoja kujifunza ufundi. Kijiji kiliposhtakiwa, Apolinaria alimfuata. Yeye ndiye aliyewaambia kwamba mambo yao yameandikwa, na yako kwenye juzuu gani.

"Jumapili tarehe nane ulikuwa wapi?"

"Kanisani asubuhi. Mchana kwa shemeji yangu, kipaimara. Watu sitini waliniona nikila."

"Ungeweza kuingia ghalani siku nyingine."

"Ningeweza. Ila tangu barua ile itoke, Lukumani amenifungia. Anaogopa kazi yake."

"Barua ile uliisoma?"

"Mama Apolinaria alinisomea kwa simu. Juzuu la Pili halipo." Alikunja tambara. "Nilijilaumu. Ningekuwa nimelinakili mapema. Lakini baraza la ardhi linataka kitabu chenyewe, au nakala yenye mhuri wa maktaba. Mwandiko wangu ni wa fundi tu."

Mektilda alifungua simu na kumpa. "Hivi ndivyo vilivyobaki. Hivi hapa, kama nilivyovikuta. Niambie ni vipi."

Mzee alivaa miwani. Aliitazama picha kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akaikuza kwa vidole viwili na kuitazama tena.

"Nani alisema la pili halipo?"

"Barua."

"Barua imekosea, mwanangu. La pili ni hili la juu."

"Una hakika?"

"Hawakuandika moja, mbili, tatu. Vitabu vikiwa vitatu, wao huandika juu, katikati, chini. Hiki kisanduku chenye kijiti, ndiyo katikati. Kile kingine kinachosimama juu ya mstari, ndiyo juu, yaani la kwanza. Kilichopotea ni cha chini. Juzuu la tatu." Alimrudishia simu. "Hilo ni la Nzega na Igunga. Usinge haimo hata kwa neno."

"Mara ya mwisho uliyapangaje?"

"La katikati nililiweka juu kabisa, maana ndilo nililokuwa nasoma. Chini yake la tatu. Chini kabisa la kwanza."

Ndani ya karakana fundi mwingine aligonga chuma mara tatu, akaacha.

Mektilda alikuwa ametafuta mtu aliyejua Kichina. Alipaswa kutafuta asiyekijua. Mtu anayekisoma angechukua kitabu sahihi. Huyu alifungua trei akakuta vitabu vitatu vimelala kama sahani, akahesabu kutoka juu, akachukua cha pili. Kisha akaamini kwamba alichonacho ni la pili. Lukumani hakujua ni kipi kilichokosekana, na alisema hivyo kwa maandishi. Shamimu hakuiona trei. Lakini siku moja baadaye mtu aliandika, kwa uhakika na kwa mhuri, kwamba la kwanza na la tatu yapo.

"Mzee," alisema, "usimwambie mtu jambo hili mpaka kesho. Hata Mama Apolinaria."

"Hata yeye? Hajalala siku tatu."

"Hata yeye."

Bwana Ambrosi alikuwa na ofisi safi, yenye dirisha linalotazama bustani na kabati refu la chuma la magazeti ya zamani. Alikuwa mtu mpole. Aliagiza chai kabla ya kuulizwa chochote.

Mektilda alikuja na koplo mmoja, hati ya upekuzi na Shamimu kama shahidi wa ofisi. Hati aliiacha ndani ya jalada kwanza.

"Ulijuaje kuwa lililopotea ni la pili?"

"Mtunza ghala aliniarifu."

Aliweka mbele yake picha ya ujumbe. Ambrosi aliusoma.

"Basi nilidhani. Kijiji kiliomba la pili, likakosekana kitabu kimoja. Ni hitimisho la kawaida."

"Hukuandika unadhani. Uliandika la kwanza na la tatu yapo." Akaweka picha ya trei. "Nionyeshe hapa. La kwanza ni lipi?"

Chai ililetwa. Hakuna aliyeigusa.

"Hili la juu," alisema Ambrosi hatimaye. "La chini ni la tatu."

"Kwa hiyo lililokuwa katikati ya haya mawili ndilo la pili."

"Kwa mpangilio, ndiyo."

"Na wewe ulijuaje kwamba lilikuwa katikati?"

Mektilda alitoa hati, akaisoma yote kwa sauti ya kawaida, akamwashiria koplo aanzie na kabati. Haikuchukua dakika kumi. Kitabu cha kijivu kilikuwa kwenye droo ya nne, kimefungwa vizuri kwa karatasi safi, kimewekwa mfuko mdogo wa dawa ya kuzuia unyevu. Mgongoni, alama ya mwisho ilikuwa kijiti kinachoning'inia chini ya mstari. Kibandiko: 417.

"Vedasto amemuoa nani?" aliuliza Mektilda.

"Dada yangu," alisema Ambrosi. "Mdogo wangu wa mwisho." Alikuwa akikitazama kitabu kilivyoshikwa na koplo, kwa jalada moja, kurasa zikining'inia. "Mwambie akishike kwa mgongo, tafadhali. Gundi yake ni ya zamani."

Koplo alikishika kwa mgongo.

"Sikukichoma," alisema Ambrosi. "Shemeji alitaka nikichome. Nilimwambia mimi ni mkutubi."

"Na sifuri tatu? Lukumani alikwambia kuna msomaji."

"Sifuri zilikuwa za kweli kwa fomu ilivyo. Fomu sikuitunga mimi."

"Lakini uliijua."

"Niliijua."

Shamimu, aliyekuwa amesimama mlangoni tangu mwanzo, alisema kwa sauti ndogo, "Ulinifanya niandike sifuri kwa mkono wangu, mkuu." Ambrosi hakumtazama. Aliuliza kama anaweza kuchukua miwani yake ya kusomea, akaruhusiwa, akatoka mbele ya koplo. Mektilda hakumwambia kuwa alikuwa amechukua kitabu kisicho na faida kwa mtu yeyote. Hilo angelisikia mahakamani.

Ijumaa saa nne asubuhi juzuu la katikati lilifika kwa pikipiki, likawekwa juu ya meza ya ukumbi wa kusomea. Apolinaria alikuwa ameshafika. Alivaa kitenge cha sherehe na viatu vilivyofutwa tope, na aliketi wima kama mtu anayesubiri daktari. Mektilda alikuwa amempa habari mlangoni: kitabu kipo, hakikuwahi kutoka.

"Hakikuwahi kutoka," alirudia mama yule. "Na mimi nimelia siku nne."

Shamimu alikuwa ameandaa mhuri na wino. Wilbroad alinawa mikono kwa sabuni mara mbili, akafungua ukurasa wa themanini na tisa, akaanza kusoma na kufasiri polepole, huku Shamimu akiandika. Kisima namba kumi na nne, Usinge. Kina, mita thelathini na moja. Maji matamu. Kilianza kuchimbwa Agosti sabini na nne kwa nguvu za wakazi wenyewe, kaya kumi na mbili, ambazo majina ya wakuu wake yalikuwa yameorodheshwa.

"Majina wameyaandika kwa sauti," alieleza. "Hawana herufi kama zetu. Inabidi niyatamke yalivyo, wewe uniambie kama ni watu."

"Tamka."

Alitamka la kwanza. Apolinaria alifikiri, akatikisa kichwa. La pili alilitambua: jirani, wajukuu wake wapo. La tatu pia. Kwenye la tano mzee aliweka kidole chini ya mstari.

"Ka. Pa. Ya."

Apolinaria aliinama juu ya kidole kile. Kisha akasema, "Kapaya ni baba."

Kalamu ya Shamimu ilisimama. Mektilda, aliyekuwa dirishani akiandika muda wa kukabidhi kielelezo, aliinua macho. Kwa kesi, hilo lilitosha. Mtu mwenye jina, mahali na mwaka, katika kitabu ambacho hakuna mwanakijiji aliyeweza kukibuni.

"Kuna zaidi?" aliuliza Mektilda.

"Umri, miaka thelathini na mbili," alisoma Wilbroad. "Mke mmoja. Watoto wanne."

"Watatu," alisema Apolinaria.

Mzee alisogeza uso karibu na karatasi. "Wanne, mama. Hii ni nne. Haichanganyiki na tatu."

"Tulikuwa watatu. Mimi, Kaka Mathiasi na dada yetu mkubwa…" Aliishia hapo. Mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa meza. "Kulikuwa na mdogo wangu. Nilikuwa na miaka minne, simkumbuki sura. Alikufa kwa kuhara kabla kisima hakijatoa maji. Mama hakumtaja tena mpaka naye akafa. Hana cheti, hana ubatizo. Hata kaburi lake hatulijui."

Wilbroad alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Rudia hapo, baba," alisema Apolinaria. "Hapo penye wanne."